Bei ya Mkono wa Fundi

Mnamo Januari 2022 alifariki huko California mzee ambaye jina lake halikuwa maarufu mitaani, ingawa kazi ya mikono yake imesikika duniani kote kwenye santuri za watu wengine. Howard Alexander Dumble, mzaliwa wa mwaka 1944, aliunda amplifaya za gitaa moja moja, kwa mkono, karibu maisha yake yote ya utu uzima. Inakadiriwa kwamba zote ni 300 hivi. Hakuwa na kiwanda wala duka. Mteja hakuuziwa kwa kuwa tu ana fedha. Ilibidi Dumble amkubali, amsikilize anavyopiga, ndipo aamue amplifaya yake iitikie vipi. Carlos Santana aliitumia, wakaitumia Robben Ford, Larry Carlton na Jackson Browne, na baadaye John Mayer. Siku hizi ikitokea moja sokoni, bei huvuka dola 100,000. Kwa fedha hiyo mtu anajenga nyumba ya heshima Dar es Salaam, na ukuta na geti vikiwemo.

Dumble alikuwa na desturi iliyowakera mafundi wenzake. Akishamaliza kupanga baadhi ya sehemu za sakiti, alizimwagia gundi nzito ya epoksi. Gundi ikiganda, huoni rizista, huoni kapasita, wala huwezi kufuatisha waya ujue umetoka wapi na unakwenda wapi. Watu wakaamini kuna siri chini yake. Miaka ikapita, amplifaya zikaharibika kama kinavyoharibika kila kitu kinachotumia umeme, zikapelekwa kutengenezwa, na baadhi ya mafundi wakaikwangua gundi ile polepole kwa subira kubwa, kisha wakachora walichokikuta. Walikuta vipuri vya kawaida vya elektroniki. Vilikuwa vimepangwa kwa namna ambayo mtu anayezijua amplifaya za Fender za miaka ya 1960 angeitambua mara moja, isipokuwa hatua ya ziada ya kukuza sauti ambayo Dumble aliiongeza kwa akili na sikio kali. Leo michoro hiyo inapatikana kwa yeyote anayeitafuta, na zipo kampuni zilizojijengea jina kwa kuunda amplifaya za mtindo huo, Two-Rock ikiwa mojawapo, kwa dola elfu kadhaa.

Sasa kama vipuri ni vya kawaida na mchoro umeshajulikana, mnunuzi analipia nini? Nitasema msimamo wangu mapema ili msomaji aupime ninavyoendelea. Amplifaya iliyoundwa kwa mkono inastahili bei yake mpaka pale bei hiyo inapotosha kulipia vipuri, saa za fundi, na uhakika kwamba chombo kitatengenezeka kila kitakapoharibika. Kinachozidi hapo ni malipo ya jina na uhaba. Na sauti, ambayo ndiyo hutajwa kwanza katika kila tangazo, ndiyo sababu dhaifu kuliko zote.

Gitaa la umeme likiwa peke yake halisikiki ukumbini. Nyuzi zake zikitikisika juu ya sumaku huzalisha umeme mdogo mno, kwa kawaida haufiki hata volti moja. Amplifaya huuchukua umeme huo na kuukuza hatua kwa hatua mpaka uwe na nguvu ya kusukuma spika. Katika amplifaya za zamani, na katika nyingi za mafundi ninaowazungumzia hapa, kazi hiyo hufanywa na valvu, zile chupa ndogo za kioo zilizoondolewa hewa, zenye waya ndani unaowaka rangi ya machungwa, ambazo wazee wetu walizizoea nyuma ya redio za mbao. Valvu ndogo ya aina ya 12AX7 hufanya kazi ya mwanzo, kisha valvu kubwa kama 6V6, 6L6, EL34 au EL84 humalizia. Kati ya valvu kubwa na spika hukaa transfoma, kipuri kizito, na mara nyingi kimojawapo cha ghali zaidi ndani ya sanduku.

Valvu zina tabia ambayo wahandisi wa redio waliihesabu kuwa kasoro. Ukizisukuma kupita uwezo wake, hazikati sauti ghafla. Huibana kidogo kidogo, na katika kuibana huzaa sauti nyingine juu ya ile ya asili. Mpiga gitaa husikia noti ikinenepa, ikikwaruza, ikidumu kuliko alivyotarajia, na akipunguza nguvu ya kidole mkwaruzo unaondoka. Leo Fender, ambaye kabla ya kutengeneza magitaa alikuwa fundi redio mwenye duka lake mjini Fullerton, California, hakuutaka mkwaruzo huo. Alitafuta sauti safi. Wapiga gitaa ndio waliofungulia sauti mpaka mwisho wakaupenda. Mwaka 1962 Jim Marshall, mwenye duka la dramu huko Hanwell, magharibi mwa London, pamoja na Ken Bran na Dudley Craven, walianza kuinakili amplifaya ya Fender iitwayo Bassman karibu hatua kwa hatua, wakitumia vipuri vilivyopatikana Uingereza. Ndiyo ikawa JTM45, mama wa Marshall zote. Tangu mwanzo, kwa hiyo, biashara hii imeishi kwa fundi mmoja kusoma kazi ya fundi mwingine na kubadilisha alipoona panafaa.

Ukiifungua amplifaya ya Fender ya miaka ya 1950, mara nyingi utakuta ndani ya sanduku la chuma kipande cha utepe wa karatasi, na juu yake jina moja limeandikwa kwa mkono: Lily, au Lupe, au Gloria. Hao ni wanawake waliokaa mezani kiwandani Fullerton wakiunganisha nyaya, wengi wao wenye asili ya Meksiko. Kazi yao bado inasomeka. Kuna ubao mweusi wa faiba uliopangwa vitundu vyenye pete za shaba. Kapasita za manjano zimelala sambamba, rizista zenye miviringo ya rangi zimesimama katikati yake, na waya zilizovikwa kitambaa zimekunjwa zikifuata kona za chuma. Kila mguu wa kipuri umeingia kwenye kitundu chake na kulehemiwa mara moja, bila tone la ziada. Ukiikagua kwa tochi unauona umahiri wa mkono uliofanya jambo lile lile mara elfu na haukuchoka kulifanya vizuri.

Lily hakuuzia matajiri. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na amplifaya aliyoiunganisha ilikwenda kwa mpiga gitaa wa baa ya Texas au wa kanisa la Alabama, akailipia kwa mafungu. Kazi ya mkono wakati huo ilikuwa njia ya kawaida ya kutengeneza kitu. Nalisisitiza hili kwa sababu matangazo ya leo hutaka tuamini kwamba kuunganisha waya kwa mkono ni kipaji adimu, wakati ni stadi inayofundishika, na wanawake wa Fullerton waliimudu vizuri kiasi kwamba watu wazima wenye digrii za uhandisi bado wanawaiga.

Shirika la utangazaji la CBS liliinunua kampuni ya Fender Januari 1965 kwa dola milioni 13, na wapenzi wa vyombo vya zamani hupenda kusema kwamba ubora ulikufa siku hiyo. Si kweli. Fender iliendelea kuunganisha kwa mkono miaka mingi baada ya hapo. Kilichobadilisha kazi kwa viwanda vyote, polepole, ni bodi zilizochapwa. Marshall ilihamia huko katikati ya miaka ya 1970. Badala ya waya, mistari myembamba ya shaba hubandikwa juu ya bodi, vipuri huchomekwa, na mashine hulehemu vyote kwa mpigo mmoja. Kazi ya siku nzima ikawa ya dakika.

Je, bodi hiyo iliua sauti? Umeme haujui kama umepita kwenye waya uliokunjwa na Lily au kwenye mstari uliochapwa na mashine. Sakiti ikiwa ile ile, vipuri vikiwa na thamani zile zile na mpangilio ukiwa umefikiriwa vizuri, sikio halina cha kushika. Kasoro ya bodi za bei nafuu iko kwingine. Viwanda vingi huziweka soketi za valvu juu ya bodi yenyewe. Valvu huwaka moto, bodi hupata joto na kupoa kila usiku wa kazi, na baada ya miaka viungo vya risasi hupasuka nyufa zisizoonekana kwa macho. Tundu la kuchomekea waya wa gitaa nalo hulehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, kiasi kwamba kila mpiga gitaa anayejikwaa kwenye waya wake anaivuta bodi nzima. Hapo chombo huanza kukatakata sauti katikati ya wimbo, na fundi anayekifungua analazimika kung'oa kila kitu ili afikie upande wa chini.

Fender wenyewe wametupa kipimo kizuri. Wanauza Deluxe Reverb ya bodi iliyochapwa, inayorejelea mfano wa 1965, na nyingine iliyounganishwa kwa mkono, inayorejelea mfano wa 1964, kwa bei iliyo karibu mara mbili. Si pacha kamili; spika zao si moja na mwangwi umeunganishwa tofauti kidogo. Lakini kampuni ni moja, asili ya sakiti ni moja, jina ni moja. Mtu akizisikiliza bega kwa bega kisha akasema ya pili ni nzuri mara mbili, ajiulize kama angesema hivyo bila kuona lebo ya bei.

Swali hilo limewahi kuulizwa kwa vyombo vyenye heshima kuliko amplifaya yoyote. Mwaka 2010 huko Indianapolis, mtafiti Claudia Fritz na mtengenezaji wa fidla Joseph Curtin waliwapa wapiga fidla 21 vyombo sita, vingine vya Stradivari na Guarneri vya Italia ya kale na vingine vipya kabisa. Wapigaji walivishwa miwani ya giza, na sehemu ya kuegemezea kidevu ikatiwa manukato ili harufu ya mbao kuukuu isiwaambie kitu. Wengi hawakuweza kutofautisha cha kale na kipya, na chombo kilichopendwa kidogo kuliko vyote kilikuwa Stradivari. Jaribio likarudiwa karibu na Paris mwaka 2012 kwa wapigaji kumi wa ngazi ya juu duniani. Sita wakachagua fidla mpya. Kama mpigaji aliyeishi na chombo tangu utoto anaweza kupotezwa na jina, sioni kwa nini mpiga gitaa aliyesimama dukani kwa robo saa awe salama.

Zaidi ya hayo, kuna mtego ambao wauza amplifaya wanaujua na wanunuzi wengi hawaujui. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote sawa, na kwamba tofauti hiyo hubadilika kadiri sauti inavyopanda. Sauti ikiwa ndogo, besi hujificha. Ikiongezwa kidogo, besi hujitokeza na yote huonekana yamejaa. Amplifaya mbili zikiwekwa sambamba na moja ikawa na nguvu kidogo tu kuliko mwenzake, hiyo itaonekana tamu na yenye uhai. Msikilizaji atasema ni valvu, au ni transfoma, au ni mkono wa fundi, kumbe ni kitufe cha sauti kilichozungushwa upana wa kucha.

Na spika. Hapa ndipo ninapowasihi wenye kutafuta sauti nzuri watumie fedha zao kwanza. Spika ya gitaa haipitishi sauti jinsi ilivyo. Huikata juu, huivimbisha katikati, na karatasi yake inapotikisika huongeza sauti yake yenyewe. Greenback ya Celestion na Jensen ya inchi kumi, zikiunganishwa na amplifaya ile ile, hutoa sauti mbili ambazo hata asiyejua muziki atazitofautisha akiwa chumba cha pili. Ukubwa wa sanduku, na kama mgongo wake uko wazi au umefungwa, hubadilisha zaidi. Kubadilisha spika ni kazi ya dola 100 au 200 na nusu saa ya bisibisi. Nimewaona watu wakiuza amplifaya nzima kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa kwenye spika peke yake.

Kisha kuna mkono wa mpigaji, jambo ambalo wote hulikubali kwa mdomo kisha wakalisahau wanapofungua pochi. Mwaka 1982 Stevie Ray Vaughan alirekodi albamu yake ya kwanza, Texas Flood, katika studio ya Jackson Browne huko Los Angeles. Amplifaya ya Dumble iliyokuwa humo aliitumia, akaipenda, baadaye akaagiza za kwake. Lakini aliingia studioni akiwa tayari na nyuzi nene kuliko za wenzake na mkono wa kulia uliozipiga kama mtu anayekata kuni. Sauti ile aliingia nayo. Dumble aliipa nafasi ya kutoka bila kuibana, na hiyo ni sifa kubwa ya fundi, lakini haiuziki pamoja na sanduku.

Hoja hii sasa imepata ushahidi wa aina mpya. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 mashine za kidijitali, Kemper ya Ujerumani ikiwa ya kwanza kuvuma, zimeweza kuipima amplifaya halisi na kuhifadhi tabia yake katika faili. Dumble zimepimwa, hata Trainwreck nitakazozieleza punde zimepimwa, na faili zake zinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana mjini. Aliye ukumbini hatofautishi. Mpigaji mwenyewe husema anahisi tofauti kwenye vidole, na mimi siyapuuzi maneno hayo, kwa sababu amplifaya ya valvu iliyo nyuma ya mgongo wako husukuma hewa na kulifanya gitaa lenyewe litetemeke. Lakini raha hiyo hutolewa na amplifaya yoyote ya valvu iliyo nzima, ya dola 700 au ya dola 7,000.

Hata hivyo sitaki nieleweke kwamba mafundi hawa ni walaghai. Wengi wao nawaheshimu kuliko viwanda. Ken Fischer, aliyefanya kazi katika kampuni ya Ampeg miaka ya 1960 kabla ya kujitegemea huko Colonia, New Jersey, aliunda amplifaya chache alizoziita Trainwreck, na badala ya namba kila moja aliipa jina la mwanamke. Aina yake iitwayo Express ina valvu tano tu. Haina mwangwi, haina chaneli ya pili. Sakiti inapokuwa nyepesi hivyo na nguvu ya kukuza ikawa kubwa hivyo, mahali waya unapopita panakuwa na maana ya kweli. Waya wa mwanzo ukiukaribia waya wa mwisho, amplifaya huanza kupiga mluzi yenyewe; ukiusogeza kwa kijiti cha mbao kiasi cha unene wa kiberiti, inatulia. Fischer, aliyesumbuliwa na maradhi kwa miaka mingi hadi alipofariki mwishoni mwa 2006, alijulikana kwa kuisikiliza kila amplifaya na kuirekebisha mpaka aridhike. Hizo ni saa za kazi, na saa za mtu zina haki ya kulipwa.

Tufanye hesabu. Vifaa kamili vya kujiundia amplifaya ndogo ya mtindo wa Fender wa miaka ya 1950, yaani valvu, transfoma, spika, ubao na sanduku, huuzwa Marekani kwa karibu dola 1,000. Fundi wa peke yake hanunui kwa bei ya jumla kama kiwanda. Anaongeza siku kadhaa za kuunganisha, kupima na kurekebisha, kodi ya karakana, na dhamana ambayo chombo kikirudi anailipia mwenyewe. Akiuza kupitia duka, duka nalo lina fungu lake, tena si dogo. Ukijumlisha, dola 2,500 au 3,000 ni bei ya haki kabisa, na fundi anayeuza hivyo hatajiriki. Wenzetu wa pwani wanalijua hili kwenye kofia: ya kushonwa kwa mkono huchukua wiki nyingi na hugharimu mara kadhaa kuliko ya cherehani, na hakuna anayemlaumu mshonaji. Ninachokikataa ni ile hatua ya kutoka dola 3,000 kwenda 6,000 ambayo ndani yake hakuna valvu ya ziada, hakuna saa ya ziada, ila ngozi ya rangi adimu na orodha ya watu maarufu walioinunua.

Hoja inayobaki, nayo kwangu ndiyo kubwa, ni ya matengenezo. Na hapa msomaji wa Mwanza, Mombasa au Lubumbashi ana sababu ya kusikiliza kuliko mtu wa Nashville.

Katika historia ya muziki wa dansi Tanzania, mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vikiwa vya chama, wanamuziki wakiwa waajiriwa. Bendi nyingine zilimilikiwa na mashirika ya umma na majeshi. Mwanamuziki aliyeondoka aliondoka na kipaji chake tu. Katika mazingira hayo, na hasa miaka ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu na kuagiza kipuri ilikuwa shughuli ya miezi, amplifaya iliyokufa haikubadilishwa kwa mpya. Ilipelekwa kwa fundi redio. Akaifungua, akapima, akatafuta kapasita kwenye redio kuukuu, usiku ikarudi jukwaani. Iliwezekana kwa sababu kilichokuwa ndani kilionekana kwa macho na kushikika kwa vidole.

Hilo ndilo jambo ambalo amplifaya ya kuunganishwa kwa mkono bado inalo. Kapasita ya kusafisha umeme ikikauka baada ya miaka kumi na tano, amplifaya inaanza kuvuma kwa sauti nzito hata gitaa likiwa limenyamaza. Fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, ambaye hajawahi kuona jina lililoandikwa mbele anaweza kuitoa kapasita hiyo. Kwanza anaumaliza umeme uliobaki ndani kwa rizista, kwa kuwa humo kuna volti 400 na zaidi zinazoweza kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Kisha anayeyusha risasi, anachomoa ya zamani, anaweka mpya yenye thamani ile ile, anafunga. Mpe amplifaya ya kidijitali yenye vipuri vidogo kuliko punje ya mchele vilivyobandikwa na roboti, naye atakwambia ukweli kwamba bodi nzima lazima iagizwe, kama bado inatengenezwa. Kwa mtu anayeishi kwa gitaa, chombo kinachotengenezeka mjini kwake kwa miaka 40 kina thamani inayohesabika. Ndiyo maana epoksi ya Dumble, pamoja na heshima yote ninayompa, naiona kuwa dosari. Fundi anayeficha kazi yake anamnyang'anya mnunuzi sehemu bora ya alichokilipia. Anayeagiza amplifaya kwa fundi yeyote adai mchoro wa sakiti, na akinyimwa, fedha yake aipeleke kwingine.

Kuna pia suala la aina ya muziki. Amplifaya nyingi za bei kubwa zimeundwa kwa ajili ya bluzi na roki, ambako mkwaruzo ndio utamu. Dansi na rumba ya Kongo hutaka kinyume chake. Kwenye sebene, gitaa la solo, la rizimu na la besi husukana, na kila noti lazima isimame peke yake ndipo msuko uonekane. Sauti ikikwaruza, magitaa matatu yanakuwa uji mmoja. Mpiga solo wa muziki huo ambaye angenunua Trainwreck angekuwa amelipa maelfu ya dola kwa ajili ya kitu anachotakiwa kukizuia usiku kucha. Amplifaya ya transista kama Jazz Chorus ya Roland, iliyotoka mwaka 1975 na bado inatengenezwa, ingemfaa zaidi, na bei yake ni ndogo kuliko ya nyingi za mafundi.

Anayeamua kununua ya valvu kutoka Marekani ausome kwanza mgongo wa chombo. Umeme wa kule ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni 230 au 240 na mizunguko 50. Transfoma isiyo na njia ya volti zetu itaungua siku ya kwanza. Ukiipitishia kifaa cha kushusha volti itafanya kazi, lakini kama iliundwa kwa mizunguko 60 pekee itapata joto zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Fundi wa kweli ataifunga transfoma ya kimataifa ukimwambia mapema, na gharama ya ziada ni ndogo. Stabilaiza nayo si ya kuachwa, kwa maana umeme wetu hupanda ghafla unaporudi baada ya kukatika, na valvu hazisamehi.

Valvu zenyewe zimekuwa kitu cha kuwazia. Sehemu kubwa ya zinazouzwa duniani hutoka katika nchi tatu: Urusi, kwenye kiwanda cha Saratov, Slovakia, kwa kampuni ya JJ, na China. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, Urusi ikazuia baadhi ya bidhaa zake kutoka nje, na kwa wiki chache maduka ya Marekani na Ulaya yalifagiliwa rafu. Bei zikapanda, nyingine hazikushuka tena. Kwa hiyo amplifaya inayotumia 12AX7 na EL34 au 6L6, ambazo hutengenezwa na zaidi ya kiwanda kimoja, ni salama kuliko ile inayojivunia valvu adimu ya jeshi la miaka ya 1950, hata muuzaji aisifu vipi. Na seti ya akiba inunuliwe siku ile ile inaponunuliwa amplifaya, ifungwe kwenye sponji, ikae ndani ya begi la nyaya, kwa sababu mzigo kutoka Slovakia hauji kwa siku mbili, na onyesho la Jumamosi haliahirishwi.